Salamu ya Fundi

Ndugu msomaji, naomba tufikiri pamoja juu ya jambo dogo lililonifundisha uzeeni.

Miaka michache iliyopita, masika yakiwa hayajakatika, fundi mmoja seremala alipiga hodi nyumbani kwangu Korogwe. Alitoka Handeni, safari ya kama kilomita 65. Ndiye aliyeezeka nyumba yangu nilipostaafu ualimu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Lakini fundi, nyumba imekwisha. Sina kazi.”

Nilisema hivyo hata kabla hajaketi. Alitabasamu, akasema amekuja kunijulia hali, na kutazama kama mabati yamestahimili mvua. Akapanda, akakaza misumari miwili iliyolegea, akanywa chai. Alipokuwa akiaga akasema, “Ukisikia mtu anajenga, Mwalimu, unikumbuke.”

Nikajisemea moyoni: kumbe! Tangu siku ile swali halikuniacha. Je, salamu yenye haja ndani yake ni salamu ya kweli?

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muda mrefu niliwapima mafundi kwa methali hiyo. Lakini mimi nilikuwa mtu wa mshahara. Mwisho wa mwezi ulifika, nikiwa nimemsalimu mtu au sikumsalimu. Ni rahisi kumhukumu anayejitembeza iwapo wewe unaletewa chakula mezani.

Kazi ya fundi hufuata mahindi. Watu wakishavuna na kuuza, wakati wa kiangazi, huchoma matofali na kujenga. Masika yakiingia, tanuru la matofali haliwashwi, wala mfuko hauna kitu. Miezi hiyo watoto wa fundi hula kama wa kwako. Akinyamaza, atasahauliwa, akisalimu, ataitwa mwombaji. Afanye nini?

Mtume Paulo alikuwa mshona mahema. Kule Korintho alikaa kwa Akila na Prisila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Chini ya paa moja walikuwa na kazi, riziki na urafiki, wala hatusomi kwamba kimoja kilikichafua kingine. Basi haja peke yake haiharibu salamu. Kinachoiharibu ni hila.

Tutaitambuaje hila? Mimi naona vipimo vitatu. Kwanza, je, mtu huyu husema haja yake waziwazi, au huificha nyuma ya maswali kuhusu afya ya mama? Pili, je, alipatikana wakati kazi ilipokuwa na kasoro? Wapo wanaopokea malipo ya kwanza, kisha simu zao hazipatikani; lakini wakikosa kazi hupiga mara tatu kwa siku. Tatu, je, huwasalimu pia wasioweza kumpa kitu?

Fundi wangu alivishinda viwili vya kwanza mbele ya macho yangu. Cha tatu kilinirudia mwenyewe. Katika wanafunzi wangu wa zamani, wale walio na vyeo niliwapigia simu kila sikukuu. Yule anayeuza mkaa njiani nilimpungia mkono tu. Nani basi alikuwa na salamu yenye haja?

Sisi tunaowapa wengine kazi tuna wajibu wetu. Tusimwambie fundi “njoo kesho” hali tunajua kesho hakuna kitu. Tumwambie kweli, na tumtaje kwa jirani anayejenga. Wala tusimkumbuke siku paa linapovuja tu.

Mwaka uliofuata, masika yalipoanza, nilimpigia simu.

“Mwalimu, shikamoo! Paa linavuja?”

“Marahaba. La, halivuji. Nimekujulia hali tu.”

Alinyamaza kidogo, kana kwamba anangoja niseme shida yangu. Kisha akacheka, akaanza kunieleza habari za watoto wake. Nilikuwa sijapata kuwauliza hata majina.