Mfundishe Mtoto Kushona Mkoba Wake

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata Juni 2019, na tangu hapo nyumba nyingi zimejaa mifuko mbadala ya kununua. Watoto wetu wanajua bei zake. Jinsi inavyoshonwa hawajui, na lawama hiyo si yao. Ni yetu sisi wazazi, tuliowaachia walimu na mafundi kazi iliyokuwa ya nyumbani.

Bibi zetu hawakuwa na mikoba mingi. Kanga moja ilikuwa mbeleko ya mtoto mgongoni, ikafungwa furushi siku ya safari, ikaviringishwa kata chini ya ndoo ya maji. Mtoto aliyelelewa nao alijua mapema kukunja, kufunga na kukadiria uzito, kwa sababu alishirikishwa.

Leo tunaweza kuanza mkoba na suruali ya jinzi iliyotoboka magoti. Nyuma bado ina kitambaa kizima: kateni vipande viwili vinavyolingana, na kitenge cha zamani kiwe bitana. Mkanda uwe mmoja tu, wa mita 2 hivi. Upitishwe kwenye pete mbili zilizoshonewa juu, upande wa mgongoni, kisha ncha zake zishonewe kwenye pembe mbili za chini. Mtoto akiuvuta mkanda juu kwa katikati, anautundika mkoba begani kwenda sokoni. Akiuvuta pande mbili, anauvaa mgongoni kwa mabega yote mawili, na hivyo ndivyo anavyopaswa kubeba vitabu vizito.

Mtoto wa miaka kumi anaweza kushona hayo kwa mkono, uzi ukiwa maradufu na mshono ukirudi nyuma kila hatua. Ugumu uko kwenye ncha za mkanda na kwenye pete, maana ndipo uzito unaponing'inia. Pashonwe mraba, kisha mistari miwili ikatizane ndani yake. Mtoto atachoka, atashona mstari mmoja na kusema amemaliza. Mzazi mwenye haraka humnyang'anya sindano akamalizia mwenyewe. Mwenye hasira hufoka. Wote wawili wanamnyima mtoto nafasi ya kufumua alichokosea na kukirudia, huku mtu mzima amekaa kando yake kwa subira, simu ikiwa mbali. Kukaa huko ndiko wajibu ninaousema, na ndiko tunakokukwepa kwa kumnunulia begi jipya kila Januari.

Wavulana nao wasiachwe nje. Wapo akina baba wanaoona kushona ni kazi ya kike, ilhali kanzu na suti wanazovaa mara nyingi zimeshonwa na mafundi wanaume, wale wanaokaa na vyerehani vyao barazani kuanzia Mombasa hadi Kariakoo, Dar es Salaam. Baba anayelijua hilo na bado akamwondoa mwanawe kwenye sindano anamfundisha kudharau kazi iliyomvika yeye mwenyewe.

Mkoba ukikamilika, usitundikwe ukutani kama pambo. Mtumeni nao dukani akalete unga kilo 2, sukari na sabuni, achague mwenyewe ataubeba vipi. Mshono ukiachia njiani, msimnunulie mwingine. Apewe uzi aushone upya.