Baba Hajafa, Insha Imemzika

Wiki hii nimesoma habari za kifo cha jirani yangu, ambaye jana yake tu tulisalimiana. Zimeandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka, na mwandishi ni binti yake wa kumzaa. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, mama akabaki anahangaika, na binti akawa anatembea kilomita 12 pekupeku kwenda shule na usiku kusomea kibatari. Marehemu ni fundi friji. Ana kibanda chake Tandika, ana afya kunishinda mimi, na sijawahi kusikia nyumba yake imeishiwa LUKU. Kibatari, kwa fundi friji!

Binti kamaliza kidato cha sita mwaka huu, kafaulu vizuri sana, na sasa anaomba vyuo vya Marekani. Aliniletea insha nimwangalizie Kiingereza. Kiingereza hakikuwa na shida.

"Mwanangu, baba yako kafa lini?"

Akacheka kwa aibu. "Anko, ndivyo wanavyotaka. Wazungu wanapenda dhiki."

Aliyemfundisha hivyo ni kijana anayejiita mshauri. Ana kundi lake la WhatsApp, anachukua nusu ya malipo mwanzoni na nusu nyingine insha ikikamilika. Binti alinionyesha kwenye simu mifano ya insha ambazo eti zilifanikiwa. Kila moja ina kibatari. Mojawapo ina mamba.

Sikatai kwamba mambo yenyewe yanatia kiwewe. Vyuo vingi vya kule hutumia fomu moja ya pamoja, Common Application, iliyoanza 1975 na vyuo 15 na leo inapokelewa na vyuo zaidi ya 1,000. Ndani yake mna insha isiyozidi maneno 650 ambayo mwombaji anajieleza yeye ni nani. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humpima hata mwanafunzi wa nje bila kujali kama ana ada, na akipita humlipia kadiri anavyopungukiwa. Kwa mtoto wa Tandika huo ni mlango wa peponi, nao ni mwembamba: Harvard huchukua chini ya waombaji 5 katika kila 100.

Najua kuna msomaji ameshaanza kuguna. Fundi friji si tajiri, atasema, kwa hiyo mtoto ni maskini kweli. Ameongeza chumvi tu. Haya. Lakini umaskini una fomu yake. Vyuo vingi vya aina hiyo hutaka wazazi wajaze nyingine, inaitwa CSS Profile, inayouliza kipato, nyumba, akiba na madeni. Mama ameshaijaza, na kwa uaminifu wa mtu anayeogopa karatasi, ameandika kipato cha mumewe bila kuficha kitu. Kwa hiyo ndani ya faili moja kuna marehemu anayeingiza pesa kila mwezi. Mshauri hakuliona hilo, au aliliona akanyamaza kwa kuwa nusu yake ya kwanza ilishaingia. Wala hakumwambia binti kwamba kabla ya kutuma atatia saini kuthibitisha kuwa yote aliyoandika ni kweli, na kwamba chuo kikigundua vinginevyo kinaweza kufuta nafasi hata kama kilishampa.

Halafu anayeisoma insha naye si mtoto. Maofisa wa udahili hugawana maeneo ya dunia, na yule anayepokea maombi ya upande wetu ameshasoma habari za miguu yetu mpaka zimemchosha.

Nilimwuliza binti kama baba yake ameiona insha. Kumbe mzee mwenyewe aliomba asomewe. Binti akamtafsiria kibandani jioni moja, akairuka aya ya pili. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema nzuri, mwanangu, ila mbona hujataja kazi yetu?

Kazi yetu! Huyu binti kila likizo tangu kidato cha kwanza yuko pale kibandani. Anajua kuchanganya sabuni na maji, akapaka povu kwenye viungio vya bomba na kutulia akiangalia: panapotoa mapovu ndipo gesi inapovuja. Yeye ndiye anayeshika daftari la kazi, na kwenye daftari hilo aligundua jambo ambalo baba yake alilijua mikononi tu: friji nyingi haziungui umeme unapokatika, zinaungua unaporudi kwa nguvu. Akaanza kuandika tarehe. Akawa anawaambia wateja wachomoe plagi umeme ukikatika, na wengine wakamcheka kwamba anaharibu biashara ya baba yake. Hayo yote nimeyapata kwa kumwuliza maswali, tukiwa tunakunywa chai. Hakuna hata moja lililokuwemo kwenye insha. Fomu yenyewe ina sehemu ya kuorodhesha shughuli za mwombaji, na majukumu ya nyumbani yanahesabiwa humo. Mshauri alimwandikia uenyekiti wa klabu ya mazingira.

Msomaji wangu mkali atanirudia kwa upande mwingine. Mbona matajiri wa huko wanadanganya? Ni kweli. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Marekani waliibua kashfa ya wazazi waliomlipa Rick Singer awapenyezee watoto wao vyuoni. Wengine walipigwa picha juu ya mashine za mazoezi ya kupiga makasia waonekane wanamichezo. Singer alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Hata huko kumpima mtu tabia hakukuanza kwa nia safi: katika miaka ya 1920 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka kupunguza idadi ya Wayahudi, na fomu za chuo zikaanza kuuliza baba kazaliwa wapi na kama familia imewahi kubadili jina. Kwa hiyo sisemi insha ni kitu kitakatifu. Ila tajiri yule alidanganya kumpandisha mwanawe. Huyu wetu anaambiwa amshushe baba yake kaburini, akiwa hai, ili mgeni amhurumie. Hata kama ingekuwa na hakika ya kufaulu, nisingemruhusu wangu.

Lawama siwezi kumbebesha binti peke yake. Miaka 13 darasani amefundishwa insha za faida na hasara, za madhara ya rushwa, za umuhimu wa misitu, na alama zake zilikuwa nzuri. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwuliza ameona nini kwa macho yake na ameonaje. Siku swali hilo linakuja, linatoka Marekani, kwa Kiingereza, na lina siku ya mwisho mwanzoni mwa Januari. Mshauri mwenye mamba lazima apate wateja.

Anaiandika upya, anasema. Sijaiona, na nimekataa kumwandikia hata sentensi moja, maana tukianza hivyo nitakuwa mshauri wa pili. Akikataliwa, na kwa hesabu zile uwezekano mkubwa ni huo, atasoma hapahapa kwa pointi zake, ambazo zinamtosha kuchagua kozi anayoitaka. Huku hakuna atakayemwomba insha. Habari za baba zitaulizwa siku akienda Bodi ya Mikopo, na Bodi ukisema wewe ni yatima wanataka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA.