Mgeni, Mwiko na Swali la Mama Mzee

Wazee walituachia methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaisema kwa kucheka, kama vile tunamfukuza mgeni anayekawia. Lakini ukiitazama vizuri, ni sheria nzima ya kupokea watu. Inasema mambo mawili. La kwanza, mtu akifika kwako asishike kazi: anakaa, ananawa, anakula, anapumzika. La pili, akiendelea kukaa apewe kazi, na kazi ile haikuwekwa kwa kumtesa. Ukimpa mtu jembe umemwambia kwamba sasa amekuwa mtu wa nyumbani, shamba linamhusu na njaa ya nyumba ile inamhusu pia.

Kwetu Kapolowe sheria hiyo inaonekana wazi jikoni. Mgeni hakaribii mbabula. Akijaribu kushika mwiko, hata kwa roho nzuri ya kusaidia, mama mwenye nyumba atamwambia: "Hapana, mugeni hapikake, mugeni anakulaka." Akipewa mwiko siku ya kwanza, majirani watasema nyumba ile haina heshima.

Sasa, ndugu msomaji, duniani kuna desturi nyingine inayogeuza methali yetu juu chini. Msafiri anafika katika mji asioujua, analipa pesa, na saa ile ile anapewa kisu, sufuria na mwiko ili apike mwenyewe chakula cha wenyeji. Zanzibar watalii wanafundishwa hivyo kupika pilau na mchuzi wa nazi. Japani wanafundishwa kufunga bento. Baada ya saa mbili au tatu somo limekwisha, mgeni anakula alichopika, anaaga, anaondoka. Swali ninalotaka tulifikirie pamoja ni hili: mgeni yule amepata nini, na mwenyeji ameuza nini?

Swali hili halikutoka hewani. Jamaa mmoja wa hapa kwetu, mtu wa kazi za maji, alipelekwa Japani kwa mafunzo ya wiki chache. Jumamosi moja, siku ya mapumziko, yeye na wenzake wakaenda kwa mama mzee mmoja anayefundisha wageni kufunga bento. Aliporudi alituelezea katika kikao cha chama, na kikao kikawaka moto. Baadhi ya wazee walisema: kuuza jiko ni kuuza mama. Vijana wakajibu: kama Wajapani wanapata pesa namna hiyo, sisi na bukari yetu na samaki wetu wa Tshangalele tunangoja nini?

Kwanza tuseme bento ni kitu gani. Ni chakula cha mtu mmoja kilichopangwa ndani ya kisanduku chenye kifuniko, kwa ajili ya kuliwa mbali na nyumba: shuleni, kazini, shambani, safarini. Ni desturi ya zamani. Wakati wa Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, watu walikula bento katika mapumziko ya michezo ya jukwaani. Treni zilipokuja, tangu miaka ya 1880 bento zikaanza kuuzwa kwenye stesheni, na hapo sisi wa Kapolowe-Gare hatuhitaji maelezo mengi: tunajua namna bamama wetu walivyokimbilia madirisha ya treni na samaki wa kukaushwa na viazi vitamu. Mwaka 2013 UNESCO iliandika mapishi ya jadi ya Wajapani katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Jamaa yetu alisema kazi yenyewe inaonekana ndogo, kumbe ni ngumu. Unalowesha mikono kwa maji, unapaka chumvi, unashika wali ungali wa moto na kuufinyanga. Ukikaza sana unakuwa jiwe, ukilegeza unavunjika. Yai linamiminwa jembamba kwenye kikaango na kukunjwa, linamiminwa tena na kukunjwa tena, mpaka linakuwa kama kitenge kilichokunjwa. Kuna kipimo kinachofundishwa: wali sehemu 3, samaki au nyama au yai sehemu 1, mboga sehemu 2. Katikati ya wali mara nyingi wanaweka tunda dogo la chumvi, chachu sana, linalosaidia chakula kisiharibike upesi. Usiache nafasi tupu, juu ya njia chakula kitacheza na kuchanganyika. Na usifunike kabla hakijapoa, maana mvuke utageuka maji na wali utaoza.

Yote hayo mikono yake ilijifunza. Lakini kitu kilichomfuata mpaka Kapolowe ni swali ambalo mama mzee alimuuliza kabla hajaanza kupanga: unamfungia nani? Jamaa akajibu: "Mimi mwenyewe, si nitakula sasa hivi?" Mama akacheka, akamweleza kwamba hawezi kufundisha vizuri bila kujua jibu. Kama ni mtoto, vipande viwe vidogo vya kutosha mkono wake. Kama ni mzee, mboga ipikwe ilainike. Kama ni mtu wa kazi nzito, wali uongezwe. Bento inaliwa mahali ambapo wewe uliyeifunga hauko. Hutakuwepo kuongeza chumvi, hutakuwepo kuomba samahani. Kwa hiyo fikira zote za upendo lazima ziingie kabla ya kifuniko.

Hapo njo kiini cha jambo lote, kwa maoni yangu.

Tuwajibu kwanza wazee. Je, kufundisha upishi kwa malipo ni kuuza mila? Mimi ni mwalimu wa sekondari, na katika nchi hii kwa miaka mingi wazazi ndio waliotulipa primu ili watoto wasome. Hakuna aliyesema kwamba kwa kulipwa tuliuza hesabu au historia. Ufundi unaweza kufundishwa, na mwenye kufundisha anastahili kula. Mama anayemwonyesha mgeni namna ya kuchemsha maji, kukoroga uji wa kwanza, kuongeza bunga ya mahindi na ya muhogo kidogo kidogo, na kusonga mpaka bukari inaacha ukingo wa sufuria, amefanya kazi ya ualimu. Jasho lake lina haki.

Lakini wazee hawakukosea kabisa, maana kuna kitu ambacho saa mbili haziwezi kuuza, nacho ni ile siku ya tatu. Mgeni wa somo anapewa mwiko, hapewi nyumba. Mikono yake imejua chakula, lakini bado hakuna mtu atakayelala njaa yeye asipopika. Mama wa nyumba anasonga bukari kila siku, pamoja na siku za malaria na siku za kilio, kwa sababu majina ya watakaokula yako kichwani mwake. Somo bila jina la mlaji ni mchezo mzuri tu. Na yule mama mzee wa Japani alilijua hilo, ndiyo maana aliuliza.

Sisi nasi tuna bento yetu, ingawa hatuiiti hivyo. Ni chakula cha mgonjwa. Nenda asubuhi kwenye hospitali ya Misioni, au Likasi, utaona bamama na wasichana na sahani zilizofunikwa na kufungwa kwa kitambaa, fundo juu. Ndani kuna bukari laini, sombe isiyo na pilipili, kipande cha samaki kilichotolewa miiba nyumbani kwa sababu mgonjwa hana nguvu ya kuitafuta. Aliyefunga hakusoma popote kipimo cha 3, 1 na 2. Lakini swali la "unamfungia nani?" alilijibu kabla ya kuwasha makala.

Hapa lazima niseme jambo moja linalotuhusu sisi watu wa Likasi na Kapolowe kuliko wengine. Katika jumba la makumbusho la Hiroshima kuna kisanduku cha bento kilichoungua. Kilikuwa cha mtoto wa shule wa miaka 13. Mama yake alimfungia chakula asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, na siku chache baadaye akaukuta mwili wake umekikumbatia kile kisanduku, chakula kimegeuka makala. Bomu lililoanguka siku ile lilitengenezwa na uraniumu, na sehemu kubwa ya uraniumu ile ilitoka Shinkolobwe, hapo hapo karibu na Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa amepeleka zaidi ya tani 1,000 za madini yale New York, na tangu 1942 Wamarekani wakayanunua kwa siri.

Wafanyakazi waliochimba Shinkolobwe hawakujua. Hakuna aliyewaambia jiwe lile linamwendea nani. Siwahukumu babu zetu, na sidhani kuna mtu mwenye haki ya kuwahukumu. Lakini tuangalie mikono miwili ya asubuhi zile: mkono wa mama uliojua kabisa unamfungia nani, na mkono wa mchimbaji uliofichwa jina la mlaji wa kazi yake. Mkono wa kwanza ulikuwa huru. Wa pili ulikuwa umenyang'anywa swali lake. Mimi naona kumficha mtu mwisho wa kazi yake ni namna ya kumfanya mtumwa, hata kama analipwa posho kila wiki.

Na jambo hili halikuishia mwaka 1945. Samaki wetu wa ziwa Tshangalele, lililozaliwa na barrage ya Mwadingusha, wanaliwa Likasi, Lubumbashi na mbali zaidi. Maji ya viwanda vya Likasi yanashuka kwa mto Panda hadi Lufira na kuingia ziwani. Watafiti, pamoja na wale wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamepima na kukuta kobalti nyingi katika miili ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Utafiti mmoja unaojulikana ulitangazwa mwaka 2009. Mwenye kiwanda anayeachilia maji machafu, je, ameuliza nani atakula? Yeye hatakuwepo mezani. Mama anayeuza samaki hana lingine la kuuza, na yeye mwenyewe anakula samaki yule yule. Swali la mama mzee linamwangukia zaidi yule aliye mbali na sahani.

Basi, kwa vijana wanaotaka wageni waje kujifunza bukari kwetu, ninasema: ndiyo, tufanye, na mama alipwe vizuri. Ila tusifuate tu desturi ya dunia ya kupika, kupiga picha na kuondoka. Tuweke sharti moja letu. Mgeni atakayejifunza kusonga bukari asile peke yake. Kabla hajashika mwiko aambiwe jina: leo unampikia mzee fulani asiye na mtoto, au mgonjwa fulani wa kitanda cha dirishani, na huyo hawezi pilipili. Akimaliza, afunge sahani kwa kitambaa, aibebe mwenyewe pamoja na mama mpaka kwa mwenyewe, amnawishe mikono na kumkaribisha. Kisha wao wawili warudi wale yaliyobaki kwenye sufuria.

Kwa njia hiyo hatutakuwa tumemwuzia siku ya tatu, maana haiuziki. Lakini atakuwa ameiona kidogo, na atarudi kwao na swali mkononi. Nasi tutakuwa tumejikumbusha kuliuliza kila siku, jikoni, darasani, mgodini na pembeni ya ziwa: hii kazi ya mikono yangu, nani ataikula?