Je, Kujificha ni Uongo?



Sisi tuliovuka mpaka wa Busia mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, tunajua kujificha. Njiani tulificha lugha ya mama. Watoto waliambiwa wanyamaze ndani ya matatu, neno moja lisije likawatambulisha. Waefraimu katika Waamuzi 12 waliangamia kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka Shibolethi. Hata tulipopokelewa Mulanda, kule Tororo, wengine wetu waliendelea kunong'ona kwa majuma mengi. Hakuna aliyetuhesabia dhambi.

Hapa Kiryandongo tunaye kijana mwenye usonji. Akifurahi hupunga mikono. Spika za kanisani zikilia huziba masikio. (Hatazami watu machoni, lakini kwa hilo wazee walimsifu kuwa ana adabu!) Wenzake walimcheka, wengine wakasema ana pepo. Basi tukamfundisha: mikono mfukoni, salimia kila mtu, cheka wenzako wakicheka. Akajifunza vizuri. Akapata marafiki wa mpira, akaanza kukaribishwa chai. Tukamshukuru Mungu.

Lakini mama yake anasema Jumapili akitoka ibadani hujifunika blanketi mpaka jioni, chakula hataki. Tulidhani ni uvivu. Mwaka 2017 watafiti wa London walichapisha majibu ya watu wazima 92 wenye usonji kuhusu kujificha kwa namna hii. Walijificha ili wapate kazi na marafiki, na wengi walisema inachosha mno. Wengine waliona wanapoteza nafsi yao.

Hatusemi kijana wetu alidanganya. Kujilinda si kudanganya. Ila sisi tulijificha kwa sababu ya watu wenye mapanga. Yeye anajificha kwa sababu ya nani? Ni sisi, wanakwaya na wazee wa kanisa. Salamu tutaendelea kumfundisha, zitamfaa sokoni Bweyale. Lakini kupunga mikono kunamdhuru nani?

Jumapili iliyopita tulimwomba ndugu wa mitambo apunguze sauti, na kijana akaketi karibu na mlango. Wakati wa pambio alitoa mikono mfukoni. Dada mmoja wa kwaya aligeuka akamtazama, kisha akaendelea kuimba.