Ng'ombe Hatii Saini

Maadili ya utafiti wa tiba, kama yanavyofundishwa leo Lusaka, Dar es Salaam au Nairobi, yamekalia karatasi moja: fomu ya ridhaa. Mtafiti aeleze, mshiriki aelewe, kisha atie saini au aweke dole gumba. Sina ugomvi na karatasi hiyo. Ilipatikana kwa gharama kubwa, baada ya madaktari wa Hitler kushtakiwa Nuremberg na hukumu yao kutolewa mwaka 1947. Ugomvi wangu ni na wazo kwamba ridhaa ndiyo inayoufanya utafiti kuwa halali. Ng'ombe hatii saini. Mtoto wa miaka mitano hatii saini, na aliye tumboni ndiyo kabisa. Kama uhalali wote unatoka kwenye ridhaa, basi viumbe hawa ama ni haramu kuwagusa, hata kwa chanjo itakayowaokoa, ama ni ruhusa kuwatenda tupendavyo kwa kuwa hawana cha kukataa. Majibu yote mawili ni mabaya, na jibu linaloleta mabaya pande zote mbili linaonyesha kwamba swali liliulizwa vibaya.

Kabla ya ridhaa kuna amana. Waislamu wa pwani na Wakristo wa Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, hawakubaliani katika mengi, ila hapa wanakutana: mwili haukuanzia kwa aliye nao, naye atautolea hesabu. Mtu aliyeachiwa mtumbwi na jirani yake anaweza kuuvulia samaki, pengine hata kumwazima mwingine kwa safari ya dharura, lakini hana ruhusa ya kuupasua kuni, hata akitaka kwa moyo mweupe. Ridhaa yangu inamruhusu daktari; haimpi sababu. Sababu lazima itangulie, na lazima iweze kusemwa mbele ya yule anayebeba mzigo, au mbele ya anayesimama badala yake. Kwa mifugo ni vilevile, kwani mwenye ng'ombe naye kaachiwa tu.

Cha kushangaza, waliolisema jambo hili kwa uwazi kuliko wengi si mashehe wala maaskofu bali wataalamu wa usalama wa mionzi. Tume yao ya kimataifa, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1928, ina kanuni tatu. Ya kwanza: mtu asiongezewe mionzi pasipo manufaa yanayozidi madhara. Ya pili: hata pakiwa na manufaa, dozi ishushwe kadiri inavyowezekana kwa busara. Vikomo vinakuja mwisho, na ndivyo vinavyofundisha zaidi. Mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa milisivati 20 (kizio cha dozi ya mionzi) kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano. Raia wa kawaida asiongezewe zaidi ya milisivati 1 kwa mwaka, juu ya zile 2.4 hivi ambazo binadamu kwa wastani hupata kutoka ardhini, angani na katika chakula chake. Na mgonjwa? Mgonjwa hana kikomo. Msomaji wa haraka atadhani ni uzembe, kumbe hapo ndipo penye hekima yote. Mgonjwa anayebeba mzigo ndiye huyohuyo anayepokea faida, kwa hiyo mizani yake imo ndani ya mwili mmoja. Raia anayepita nje ya ukuta wa hospitali hapokei chochote kutokana na mashine ile, basi anabebeshwa kidogo mno. Swali la nani anafaidika limeingizwa ndani ya tarakimu zenyewe.

Wapo wanasayansi wanaosema kanuni hizi zimejengwa juu ya woga. Zinachukulia kwamba hakuna dozi isiyo na hatari hata chembe, ilhali madhara ya dozi ndogo sana hayajawahi kupimwa waziwazi. Wana haki ya kubishana, na woga nao unaua: mzazi anayemkatalia mtoto wake kipimo cha moyo kwa hofu ya eksirei anamwacha na hatari kubwa zaidi ili kumkinga na ndogo. Lakini kanuni ya kwanza haitegemei matokeo ya ubishi huo. Inachoamua ni nani mwenye wajibu wa kuthibitisha. Anayetaka kuongeza mzigo ndiye atoe sababu. Anayebebeshwa hadaiwi kuthibitisha kwamba utamuumiza. Zambia iliiwekea mionzi sheria yake mwaka 2005 na Tanzania mwaka 2003, na kama bunge lingetaka kuandika fundisho la amana kwa lugha ya mafundi, sioni lingeandika nini tofauti sana.

Chukua chumba cha katheta, kama vile vilivyopo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni, na daktari huufuata kwa picha ya eksirei inayotembea. Mgonjwa anapigwa mionzi mara moja au mbili katika maisha yake, naye anaondoka na mshipa uliozibuliwa. Daktari na muuguzi wamesimama pembeni kila siku, wamevaa aproni zenye risasi, na mionzi inayotawanyika kutoka kwa mwili wa mgonjwa inawafikia usoni. Kwa miaka mingi kikomo cha jicho kilikuwa milisivati 150 kwa mwaka. Kisha watafiti wakachunguza macho ya wafanyakazi wa vyumba hivi wakakuta lenzi zimeanza kuingia ukungu, na mwaka 2011 kikomo kikateremshwa hadi 20. Madaktari wale walikuwa wameridhia kazi yao, tena ni watu wanaojua mionzi kuliko sisi sote. Ridhaa kamili, yenye elimu, na bado walikuwa wanabebeshwa kupita kiasi, kwa kuwa kikomo chenyewe kilikuwa na kosa.

Mionzi hiyohiyo ilifanya kazi nyingine Unguja. Mbung'o wa kisiwa kile walikuwa wanawapa ng'ombe ugonjwa wa nagana, na kupunguza mbung'o kwa dawa peke yake hakukuwamaliza. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 madume waliofugwa katika taasisi ya utafiti ya Tanga, wakilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando, walipigwa mionzi ya gama wakawa tasa, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kwa mamilioni. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, kwa hiyo aliyekutana na dume tasa alikuwa amekwisha uzazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Huo ni mfano nadra wa mzigo ulioangukia pale ulipostahili: dawa iliyopakwa migongoni mwa ng'ombe mwanzoni ili kupunguza mbung'o, na kelele za ndege, viliwaangukia ng'ombe wa Unguja na wafugaji wao, ambao ndio waliopata faida. Aliyelipa ni mbung'o, na sijaona dini inayomdai binadamu fidia ya mbung'o, ingawa mwanafalsafa anayetaka kuanzisha mjadala huo namkaribisha.

Sasa turudi ziwani, kwa kuwa Nchelenge inaukumbuka upande wa pili wa hadithi ya mbung'o. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20, malale yalipohofiwa kupanda bonde la Luapula, utawala wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Kusini uliamuru vijiji vya ufukweni vihamie bara. Uvuvi na safari za mitumbwi vikawekewa marufuku. Watu ambao chakula, biashara na makaburi yao vilikuwa kando ya maji walipelekwa kulima ardhi wasiyoizoea. Hapa mpinzani wangu mkali ana silaha, na namheshimu: amesema kwamba lugha ya amana ndiyo hasa lugha ya maofisa wale. Wao pia walijiona walinzi wa watu, wao pia hawakuomba ridhaa kwa kuwa walikuwa na sababu. Ukiondoa ridhaa kwenye kiti cha mbele, asema, humkalishi Mungu. Unamkalisha bwana shauri.

Pingamizi hilo lingenishinda kama amana ingekuwa na maana ya kujua kilicho bora kwa mwenzako. Lakini mwenye amana hutambuliwa kwa jambo moja: anatoa hesabu kwa mwingine. Maofisa wa Mweru walitoa hesabu kwa kampuni, na kampuni kwa wenye hisa zake London. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuweka mezani njaa ya waliohamishwa na kuipima dhidi ya malale yaliyoepushwa. Robert Koch, ambaye mwaka 1906 na 1907 alikuwa Visiwa vya Sese kwenye Ziwa Viktoria akiwadunga wagonjwa wa malale dawa ya atoksili yenye aseniki, alipandisha dozi kutafuta tiba, na baadhi yao wakapofuka. Alikuwa na nia njema na njaa ya maarifa. Alichokosa ni mtu asiyefaidika na sifa yake, mwenye mamlaka ya kumwambia: mpaka hapo. Katika usalama wa mionzi anayetoa leseni si mwenye mashine. Ridhaa basi inarudi, tena kwa heshima: ni njia mojawapo ya kulazimisha hesabu itolewe kwa anayebeba. Ila haitoshi peke yake, kwani mvuvi angeweza kushawishiwa kutia dole gumba kwenye kuhama kwake, na kuhama kule kungebaki na kasoro ileile.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa mtu wa sayansi. Kama kila mzigo lazima uwe na sababu mbele ya anayeubeba, hakuna jaribio litakalofanyika, maana majaribio huwafaa wajao. Tazama Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watoto 102,200 walipimwa moyo ili kutafuta wale ambao homa ya rumatiki ilikuwa imeanza kugusa vali zao bila dalili, na 818 wa umri wa miaka 5 hadi 17 wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu wadungwe penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu wasidungwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika watoto 399 waliodungwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa 3. Katika 400 wasiodungwa, kwa 33. Mtu anayesoma tarakimu hizo leo hukereka: kwa nini hao 33 waliachwa? Lakini kabla ya jaribio hakuna aliyejua kama sindano zile, zenye maumivu na hatari ndogo ya mzio mkali, zilikuwa zinazuia lolote kwa ugonjwa wa hatua hiyo. Kila mtoto wa Gulu aliingia akiwa na pande mbili ambazo hakuna mtaalamu angeweza kuapa upi ni bora. Tena walipimwa kwao, kwa ugonjwa wa kwao, ambao watoto wa London hawana haja ya kuujua. Sababu iliweza kusemwa mbele yao. Siku matokeo yalipojulikana, usawa ule ukafa, na kuanzia siku hiyo aliye katika kundi la pili anadai sindano yake kama deni, si kama hisani.

Nchelenge yenyewe imebeba zaidi ya inavyotajwa. Ni miongoni mwa wilaya zenye malaria kali Zambia, na Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola kimefanya kazi huko kwa miaka mingi. Wajawazito wa wilaya hii walikuwa miongoni mwa wanawake 3,428 wa Burkina Faso, Ghana, Malawi na Zambia waliojaribiwa dawa nne za mseto za malaria, matokeo yakatoka mwaka 2016. Dawa zote zilitibu vizuri. Tofauti ilikuwa kwenye mateso: nusu hivi ya waliopewa mseto wa meflokwini au wa amodiakwini walipata uchovu, kichefuchefu, kizunguzungu na mengineyo yatokanayo na dawa, lakini waliopewa artemetha-lumefantrini walikuwa asilimia 11.5 tu. Yaani kuna wanawake waliotapika ili wengine wasitapike, na mimba zao, ambazo hazikuulizwa, zilikuwemo. Je, ni haki? Nasema ndiyo, kwa kuwa mjamzito wa Nchelenge asiyeshiriki naye alikuwa anameza dawa ambazo kwa hali yake zilikuwa hazijapimwa vya kutosha. Kutomjaribu pia kulikuwa ni kumjaribu, bila kuandika.

Muumini atauliza kama haya yote si kushindana na kudra. Pingamizi hili huwa halikai muda mrefu mahali penye Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo, humohumo Nchelenge, iliyojengwa na watu wa sala, au katika fiqhi ambayo wanazuoni wake wameshikilia kwamba dhara haliondolewi kwa dhara lililo sawa nalo. Wenye kanuni kama hiyo walikwisha kubali kwamba dhara hupimwa na huondolewa. Linalobaki ni kupima vizuri.

Na hapo ndipo wataalamu wa mionzi wanatuzidi tena. Mfanyakazi wa mionzi hubandika kifuani kipimo kidogo, na anachosoma huandikwa katika kumbukumbu yake binafsi kazi hadi kazi. Mradi mpya hauwezi kujifanya ndio wa kwanza kumgusa. Zambia ina Sheria ya Utafiti wa Afya ya mwaka 2013 na mamlaka ya kuisimamia, na kila mradi hupimwa. Lakini hupimwa peke yake. Kaya ya Kashikishi, ndani ya Nchelenge, inaweza kutoa damu ya kidole kwa utafiti wa malaria mwaka huu, ikatoa tena kwa mwingine baadaye, mbuzi wake wakachukuliwa damu na watu wa mifugo, na kila fomu ikasema, kwa ukweli kabisa, kwamba usumbufu ni mdogo. Naona haja ya kumbukumbu ya wilaya inayoonyesha nani amebebeshwa nini, mara ngapi, na kipi kilirudi Nchelenge: matokeo kusomwa kwa lugha ya mahali, dawa kubadilishwa kituoni, au hakuna. Watafiti watalalamika kwamba ni makaratasi juu ya makaratasi, na kwamba kumbukumbu ya aina hiyo itahatarisha siri za watu. Hilo la pili ni la kweli, ndiyo maana inapaswa kuwa ya kijiji au ya kituo cha afya badala ya jina la mtu. La kwanza angeweza kulisema pia daktari wa moyo anayeambiwa avae kipimo kila siku.