Wengi Wape, Ila Dhamiri

Mwaka 1935, katika mji wa Minersville, Pennsylvania, uliojengwa juu ya makaa ya mawe, watoto wawili walifukuzwa shule: Lillian Gobitas, wa miaka 12, na mdogo wake William, wa miaka 10. Hawakuiba wala kumtusi mwalimu. Walikataa kuipigia saluti bendera ya Marekani. Walikuwa Mashahidi wa Yehova, na waliona kuwa kufanya hivyo ni kuvunja amri ya kitabu cha Kutoka inayokataza kusujudia sanamu.

Je, dola inaweza kumdai mtoto heshima ambayo imani yake inamwambia ni ya Mungu peke yake?

Juni 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani ilijibu kwamba inaweza. Majaji 8 walikubali, akapinga mmoja tu, Harlan Stone. Hukumu iliandikwa na Felix Frankfurter, Myahudi aliyezaliwa Vienna na kuhamia Marekani utotoni. Majeshi ya Hitler yalikuwa yakiiteka Ufaransa, naye aliona umoja wa taifa ndio ngao ya uhuru wote. Kama sheria ni mbaya, wananchi waibadilishe wenyewe kwa njia za siasa.

Yaliyofuata yanatia uchungu. Mashahidi walishambuliwa sehemu nyingi za nchi. Kennebunk, Maine, ukumbi wao ulitiwa moto.

Tarehe 14 Juni 1943, Siku ya Bendera, mahakama hiyohiyo ikageuka, kura 6 kwa 3, katika kesi kama hiyo ya familia ya Barnett ya West Virginia. Nchi sasa ilikuwa vitani, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, hayakuwa yameongezwa wala kupunguzwa hata neno. Kilichobadilika ni majaji: wapya walikuwa wameingia, na watatu wa zamani walikwishakiri mwaka 1942 kwamba hukumu ya kwanza haikuwa sahihi. Jaji Robert Jackson alieleza kwamba haki za msingi ziliandikwa ili zisitegemee matokeo ya uchaguzi wowote.

Frankfurter hakusogea. Aliandika kwamba yeye, mtoto wa jamii iliyoteswa kuliko nyingi, hawezi kupuuza uhuru wa dini, lakini jaji hana ruhusa ya kugeuza maoni yake kuwa Katiba. Hoja hiyo ni nzito, kwa maana majaji hao hawachaguliwi na wananchi. Hata hivyo inawaacha watu wa dini ndogo mikononi mwa walewale wanaowachukia. Familia chache za Minersville zingeshinda uchaguzi upi?

Swali la dola na imani ya mtoto lilifika Tanzania pia. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa shuleni kwa kutoimba Wimbo wa Taifa.