Mvi za Chaki

Alan Rickman alikuwa msanifu wa michoro London, mwenye kazi yake, alipoandika barua kuomba usaili katika chuo cha uigizaji cha RADA. Alikuwa na miaka 26. Ili ajikimu masomoni, aliwavalisha mavazi ya jukwaani waigizaji waliomtangulia, Ralph Richardson na Nigel Hawthorne. Nadhani huko nyuma ya pazia alisoma mengi kuliko darasani. Filamu yake ya kwanza ya sinema, Die Hard, ilitoka 1988, naye akiwa na miaka 42.

Wewe nawe una kazi ya kutwa na watoto wa kusomesha, unadhani umechelewa? Kikundi cha maigizo mtaani hufanya mazoezi jioni, na hakina mtu mzima wa kuigiza baba mkwe. Wamempaka kijana chaki kichwani iwe mvi, watu wanacheka pasipochekesha.